Mafungo ya Kimya

Askofu hakuwa askofu. Alikuwa mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa tatu, ila kwa jinsi alivyoshika dini hosteli nzima ilimbandika jina hilo, naye akalipenda kuliko alivyokiri. Kila mwaka ndiye aliyesimamia mafungo ya kimya ya wanafunzi: kuanzia Ijumaa jioni hadi Misa ya Jumapili, aliyejiandikisha hafungui kinywa. Miaka miwili hakuteleza hata kwa "samahani", na habari hiyo aliirudia mara nyingi mno kwa mtu anayejiita mnyenyekevu.

Safari hii alimwingiza mwenzake wa chumbani, kijana wa mwaka wa kwanza aliyepiga kinanda kanisani na kuitwa hivyohivyo, Kinanda.

"Hata wakikukanyaga, mdogo wangu, usiseme."

Kinanda akacheka, akaahidi. Kabla kimya hakijaanza wakapatana kwamba Jumamosi asubuhi aichukue kompyuta ya Askofu, yenye nyimbo za Misa, aipeleke kanisani.

Sasa, wiki hiyo kompyuta nne zilikuwa zimeibwa hosteli, na watu walikuwa na hasira isiyo na mwenyewe. Saa tatu asubuhi, pande la mtu wa mwaka wa nne waliyemwita Jenerali, naye kaibiwa juzi tu, alikutana koridoni na sura asiyoijua, kompyuta kwapani. Akauliza ni ya nani. Kinanda akatabasamu, akaweka kidole mdomoni.

Kofi la kwanza lilimbwaga ukutani. Mtu akapiga ukelele wa mwizi, milango ikafunguka, na vijana waliokuwa wanapiga mswaki wakatoka na povu mdomoni kuja kupiga mtu. Wakamuuliza wenzake wako wapi. Hakujibu. Kwa mwizi, kunyamaza ni kiburi. Wakamwangusha, wakaanza kumkanyaga kifuani, mgongoni, usoni.

Askofu alikuwa anashuka ngazi, akayaona yote. Alipunga mikono, akavuta shati la huyu na yule, wakamsukuma kando. Neno moja lingetosha, na alilijua. Lakini akawaza: atasema mwenyewe, hawezi kuvumilia, akisema yeye, mimi nitakuwa sijavunja mafungo. Aliliwaza hilo huku damu inatiririka sakafuni, Mungu amsamehe, maana mimi ninayesimulia siwezi.

Kinanda alimwona. Katikati ya miguu ile alimkazia macho, akangoja ruhusa.

Askofu akatazama chini.

Jenerali akang'oa mguu wa meza mbovu. Kinanda akajikinga kichwa kwa mikono, na pigo likatua vidoleni. Mfupa ulisikika ukivunjika. La pili likatua palepale. La tatu likampata tayani, na hapo ndipo Askofu alipopiga kelele.

"Ni yangu! Nimemtuma mimi!"

Wote wakasimama. Jenerali alimtazama, akautazama mguu wa meza mkononi mwake, akauachia uanguke.

"Si ungesema, kaka?"

Jumatatu mama yake Kinanda alifika hospitalini, vumbi la safari bado miguuni. Mwanawe alikuwa kafungwa taya kwa waya, na daktari alikuwa amekwisha kusema kwamba vidole vitatu vya mkono wa kulia havitakunjika tena. Mama akamshika Askofu mikono yote miwili.

"Padri ameniambia ni wewe uliyewazuia. Mungu akuzidishie, mwanangu. Bila wewe ningekuja kuchukua maiti."

Kitandani, Kinanda alikuwa macho, anawatazama. Askofu angeweza kuitikia amina na mambo yakaisha.

"Mama, nilikuwepo tangu kofi la kwanza."

"Ukafanya nini?"

"Nilinyamaza."

Mama aliiachia mikono yake taratibu. Akachukua kitambaa, akakichovya kwenye beseni, akaendelea kumfuta mwanawe damu iliyokauka masikioni. Akasema, bila kugeuka, kwamba Askofu anawazibia mwanga, asogee.