Ndita za Mama wa Kambo

Katika ofisi ile ya kamusi hakuna aliyeruhusiwa kutunga sentensi mezani. Kila neno lilikuwa na kadi yake, na kila kadi ilitaka sentensi iliyosikika kwa mtu akiwa katika shughuli zake. Ukimwomba mtu sentensi, alisema mhariri mkuu, atakupa ya darasani, safi na haina damu.

Kazi ilikuwa imefika usoni. Paji lilikuwa na kadi nono, maana mzazi gani hajagusa paji la mwanawe akihofia homa? Kipaji kilizua ubishi wa siku mbili, kama jina la karama lilitoka usoni au la, na chai ikapoa vikombeni. Komo halikusumbua mtu. Mhariri mkuu mwenyewe alijaliwa paji lililotokeza, likitangulia kuingia mlangoni, na waliomsengenya waliijaza kadi bila kujua. Neno moja tu lilikuwa mikono mitupu: ndita, ile mikunjo ya paji. Vijana siku hizi husema kukunja uso, wakamaliza.

"Kesho saa nne kurasa zinakwenda kupigwa chapa," mhariri alimwambia mwanamke aliyetunza kadi, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Kadi. "Ndita isipopata msemaji, naitoa."

Bi Kadi alimjua msemaji mmoja, na hakuwa na hamu ya kwenda kwake. Alikuwa mama yake wa kambo, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, mama mzazi alipofariki. Hakuwahi kumpiga wala kumnyima chakula, na nguo za shule alimshonea mwenyewe. Lakini kila mara mtoto alipotokea mlangoni, yule mama aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani na kumkunjia ndita. Akipelekewa daftari, ndita zilezile, kisha anauliza, "Umepata ngapi?" na alama iko pale kwa wino mwekundu. Mtoto aliona anatafutiwa makosa. Akasoma kufa na kupona, akidhani akiwa wa kwanza darasani lile paji litanyooka. Akawa wa kwanza mara nne, na paji likabaki vilevile. Basi akakata shauri kwamba huyu mama hampendi, anamvumilia tu. Ukubwani akawa mtu wa kupita na kilo mbili za sukari, kusalimia akiwa amesimama, na kuaga.

Jioni ile alipiga hodi. Mama alikuwa cherehani kama kawaida, ila puani alikuwa na miwani. Akainua kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Simama hapohapo, usisogee."

Alisimama. Mama alimtazama toka juu hadi chini, bila haraka, na paji lake lilikuwa limetulia.

"Una kidoti juu ya nyusi."

"Ninacho tangu kuzaliwa, mama."

"Sikukijua. Na mdomo umeuchukua kwa baba yako, unacheka upande mmoja." Akaigusa miwani. "Mdogo wako ndiye kanipeleka kwa daktari wa macho. Alinikuta nimelitia shati moja mikono miwili ya kushoto. Daktari ananiuliza macho yameanza kusumbua lini, nikamwambia tangu usichana. Akaweka kalamu chini."

"Kwa nini hukusema siku zote hizo?"

"Nimwambie nani? Fundi asiyeona nani atampa kitambaa? Mbali ukungu, karibu ukungu, nikashona kwa vidole. Mshono unaupapasa ukaujua. Lakini wewe ukisimama hapo mlangoni naona gauni tu. Nilikuwa nakukunjia ndita mpaka kichwa kinauma, natafuta kama umerudi shule unacheka au unalia. Kabla sijapata, ushakimbia. Na lile daftari, ndiyo maana nikikuuliza umepata ngapi. Nilitaka kujua."

Bi Kadi alivuta kigoda akakaa, jambo ambalo hakuwa amelifanya katika nyumba ile kwa miaka mingi. Alijionea aibu. Miaka thelathini alikuwa ameishi na kinyongo dhidi ya mtu aliyekuwa akijitahidi kumwona. Halafu juu ya aibu ile ikapanda shukrani, nyingi. Shule aliipenda kwa ajili ya paji lile, na kazi pia aliipata kwa ajili yake. Hata nguo za shule, sasa alielewa, zilishonwa gizani.

Akatoa kadi mkobani.

"Mama, naomba niyaandike hayo maneno. Yanakwenda kwenye kamusi."

"Maneno yangu?" Mama akafikiri kidogo. "Andika. Lakini ile ya mikono miwili ya kushoto usiitie."

Akaandika: Nilikuwa nakukunjia ndita mpaka kichwa kinauma, natafuta kama umerudi shule unacheka au unalia. Maana iliyokuwa imekwisha kuandikwa juu ya kadi ilisema ndita ni dalili ya hasira. Akaifuta, akaandika kwamba ni mikunjo ya paji, ya mwenye hasira au ya mtu anayejitahidi kuona.

"Asante, mama."

"Asante ya nini? Hata chai sijabandika."

"Ya kunitafuta."

Mama aliivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, akaivaa tena, kisha akasukuma kigoda kingine kwa mguu kuelekea dirishani, palipokuwa bado na mwanga.

"Kaa pale," akasema. "Sijamaliza kukuangalia."