Siku ya Kumrudisha Faidha Bwenini

Kitendawili hiki nilikitunga mwenyewe: nina mwenzangu, tunakula sahani moja, tunalala chumba kimoja, sauti yangu haijui. Hapa Mnyambe hakuna anayehangaika kukitegua. Wote wanajua ni Faidha, mjukuu wangu, kiziwi tangu homa ilipompata akiwa mchanga.

Tulikuwa na ishara zetu za nyumbani. Kula. Maji. Kuni. Shambani akiwa mbali anaokota korosho siwezi kumwita, basi namrushia bibo, tunda la mkorosho, lidondoke mbele ya miguu yake. Anageuka, anacheka, anakuja. Shule ya kijijini walimkalisha nyuma, ananakili ubao asijue anachoandika. Mwaka huu Januari ndiyo akapata nafasi Masasi, kwenye shule yenye kitengo cha viziwi na bweni.

Likizo ya Septemba alirudi amenenepa, mikono haitulii. Alinieleza jambo refu, vidole vinakimbia, uso unapanda na kushuka, na mimi naitikia kwa kichwa tu. Mara akasimama, akanitazama. Alijua sijaelewa. Akatoka nje.

Nikasema labda shambani tutapatana kama zamani. Nikamrushia bibo. Aligeuka amekunja uso, akaliokota, akalirudisha mkononi mwangu. Kisha akanifundisha, taratibu, kama mwalimu: akapunga mkono hewani, akaja akanigusa bega. Mtu anaitwa hivyo, hatupiwi vitu. Nilibaki nimelishika lile bibo, maji yake yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Jirani yangu Bimdogo akaja na lake.

"Mama Salmini, huyo usimrudishe. Korosho ndiyo kwanza zinaanguka, utaokota na nani? Na nyumba hiyo utakaa na nani, na paka?"

"Mwalimu kasema asiyefika siku ya kufungua, kitanda chake anapewa mwingine. Wanaosubiri ni wengi."

"Si apewe! Huyu ana bibi yake."

"Wewe una wajukuu wanakupigia kelele kutwa, ndiyo maana unasema hivyo."

"Nikuazime wawili basi. Ila wanakula, hao!"

Tulicheka, lakini neno lake liliniingia. Mwanangu Salmini, baba yake Faidha, alihamia Tunduru akaoa huko. Tangu Januari nilikuwa napika kwenye sufuria dogo na ugali bado unabaki.

Jumapili ya kuondoka nikachukua kikapu, nikamwonyesha shambani, kana kwamba ni siku kama siku nyingine. Faidha alikuwa ameshavaa sare, amekaa juu ya tranka lake barazani. Akatikisa kichwa. Nikaenda peke yangu. Nikajiambia, atachoka, atanifuata.

Hakunifuata. Nikarudi, nikamchungulia kwa nyuma ya jiko. Alikuwa palepale juu ya tranka, anaongea. Mikono ilisimulia kisa kizima, ikauliza, ikajibu, akacheka mwenyewe, huku anatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Halafu akailaza mapajani, akanyamaza.

Miezi yote hiyo nilijihurumia kwamba nyumba imekuwa kimya. Mtoto huyu kaishi kwenye kimya hicho toka alipoanza kutambaa, na mimi nipo pembeni yake nategea wengine vitendawili.

Nikatokea mbele, nikapunga mkono. Akainua macho. Nikamwonyesha barabara. Tranka alilibeba mwenyewe kichwani, hakutaka nimsaidie.

Tulipanda bodaboda mpaka Newala, kisha gari. Masasi tulifika alasiri. Mwalimu Isabela alikuwa getini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kitanda kipo?"

"Kipo. Ila nilishaanza kuwa na wasiwasi."

Wasichana wakaja mbio. Mmoja, Zuhra, aliponiona akachora mistari shavuni kwake kwa vidole viwili. Wenzake nao wakachora, wanacheka. Nikashika chale zangu za usoni, hizi za ujana wetu Wamakonde. Nikaona haya.

"Wananicheka?"

"Wanakutaja, bibi. Hilo ndilo jina lako hapa, Faidha alikuja nalo. Bweni zima wanakujua."

"Wananijua nini?"

"Kwamba unapika mbaazi tamu. Na kwamba ukikoroma, kitanda kinatikisika."

Nilitaka kumgeukia Faidha nimgombeze kidogo kwa utani. Hakuwepo tena. Alikuwa katikati ya wenzake chini ya ukuta, vidole vinakimbia, na wao wanamjibu kabla hajamaliza. Nilisubiri ageuke. Hakugeuka, na sikutaka kumkatiza. Nikaenda kutafuta gari.

Jumatatu asubuhi korosho zilikuwa zimetapakaa chini. Bimdogo akapaza sauti kutoka shambani kwake.

"Umempeleka?"

"Nimempeleka."

"Kalia?"

"Wala."

"Na wewe je?"

Niliinama kwenye mti wa kwanza, nikatenga korosho na bibo lake.

"Bimdogo, korosho ni nyingi leo. Niache niokote."