Birika la Ghorofa Mbili

Dada alichukua kichupa cha dawa ya kikohozi nilichokiosha jana yake, akakigeuza kitako chini, akaanza kushindilia kahawa yangu.

Aliegemeza kiwiko mezani kama anayetaka kushindana mieleka ya mikono. Akakandamiza. Akazungusha kifundo cha mkono taratibu, kama anayefunga bomba linalovuja. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya jiko, kiberiti mkononi, mdomo nimeufunga. Nyuma yetu Mama alikaa kwenye kiti nilichomwekea karibu na mlango, akijipepea kwa gazeti, mbali kabisa na moto. Mwenye macho angejiuliza kwa nini kiti kiko kule ilhali meza iko huku. Hakuna aliyeuliza. Nikatulia, nikangoja kiganja cha Dada kiinuke.

Nilikuwa nakijua kiganja hicho. Ndicho kilichonifukuzisha kazi.

Mama aliuanzisha mkahawa kwa benchi moja na sufuria ya chai, akaukuza mpaka ukawa na viti vya kuegemea na mashine ya espreso tuliyoiita Bibi Harusi, kwa kuwa alimeremeta, alisubiriwa sana, na kila mgeni aliambiwa asimguse. Mama alikaa mbele, uso umeelekea mlangoni, akipokea wateja kwa majina ya watoto wao. Bibi Harusi alikuwa nyuma ya mgongo wake. Huko nyuma tulikuwa mimi na Dada, zamu kwa zamu, na Mama alituchunga kwa masikio tu. Maziwa yakichemshwa kupita kiasi, alijua. Kikombe kikipata ufa, alijua kabla ya aliyekishika. Alijisifia masikio yale kama wengine wanavyojisifia watoto.

Asubuhi niliyofukuzwa, zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa kwenye sinki, mikono imezama povuni, Dada alipotoka stoo.

"Kitinda, nipishe nijitengenezee kikombe changu. Chako kinaninyima usingizi."

"Kahawa gani haikunyimi usingizi?"

"Ya mtu anayejua."

Akasaga laini, laini kama poda ya uso. Akashindilia, akazungusha, kisha akamalizia kwa kiganja: pa! Ndivyo alivyo. Dada hafungi kitu bila kukipiga, iwe sanduku, iwe mlango wa friji, iwe mjadala. Akabonyeza kitufe, na papo hapo simu yake ikaita. Akaenda nayo uani.

Bibi Harusi akasukuma. Maji hayakupita. Akasukuma tena, akaguna, akaanza kulia sauti nyembamba kama ya mbu sikioni. Mimi, na bomba la maji wazi mbele yangu, nilisikia kwa kuchelewa. Nilipofika nikiwa nadondosha povu kila mahali, harufu ya waya ulioungua ilikuwa imeshanitangulia, na Mama alikuwa amegeuza kiti. Alichokiona ni mimi na mashine. Hapakuwa na mtu wa tatu.

Fundi alikuja mchana, akafungua, akatoa kitonge cha kahawa kikavu kama jiwe. Akakigonga kwenye kaunta. Hakikuvunjika.

"Mama, aliyeshindilia hii alikuwa anajenga ukuta," alisema. "Pampu imesukuma ukuta mpaka ikafa. Spea yake si ya hapa. Mtangoja."

"Nilisikia kofi," Mama alisema, akinitazama. "Kwa masikio yangu haya. Umeipiga mashine kwa hasira zako."

"Si mimi, Mama. Ni Dada. Alikuja kujitengenezea, akashindilia, akapiga vile anavyopiga..."

Dada alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, simu bado imebanwa kifuani. Nilimpa nafasi. Nilimtazama na kumpa nafasi ndefu, ya dada na mdogo wake.

"Mimi nilikuwa nje naongea na simu," alisema. "Zamu ya nani leo, Kitinda?"

Mama hakuhitaji zaidi. "Vua aproni."

Mbele ya wateja. Fundi akainamia bisibisi zake kama mtu aliyepoteza kitu sakafuni. Nikajaribu kufungua, lakini fundo lilikuwa limelowa na vidole vyangu havikuwa na uwezo. Dada akaja nyuma yangu, akanifungulia. Polepole, kwa upole, kwa upendo wa kuonwa na watu. Alipomaliza akanipapasa bega.

Ningeweza kusamehe uongo. Lile bega sikulisamehe.

Chini ya chumba nilichopanga kulikuwa na fundi cherehani, mzee wa maneno, aliyekuwa mteja wetu na sasa akanigeukia kuwa mleta habari. Ndiye aliyeniambia kwamba mkahawa unauza kahawa ya kopo, ile ya kukoroga, na kwamba wateja wanakunywa huku wamekunja nyuso. Ndiye aliyeniambia pia anachokisema Dada.

"Anasema wewe bila Bibi Harusi huwezi hata kuchemsha maji, mwanangu."

"Anasema hivyo?"

"Anasema huku anacheka. Mimi sikucheka. Nilitabasamu tu, kwa adabu."

Siku hiyohiyo nikaanza. Kulia nilikuwa nimeshalia, na kulia hakukumsumbua Dada hata kidogo. Nilichokitaka ni kahawa nzito, nyeusi, yenye povu la rangi ya asali juu yake, itoke kwenye jiko langu la gesi, na harufu yake iteremke ngazi, ivuke barabara, imfuate Dada mpaka mezani kwake na kukaa naye.

Nilianza kwa kitambaa. Nilifunga unga wa kahawa ndani, nikamwagia maji ya moto, nikakamua mpaka viganja vikababuka. Fundi cherehani alionja, akaurudisha mdomo wake mahali pake kwa shida.

"Hii si kahawa," alisema. "Haya ni maji yaliyosikia habari za kahawa."

Nikajaribu kichujio cha chai na kitako cha glasi. Ikatoka nzito kweli, ila ni matope. Ndipo kwenye meza ya vitu vya mitumba nikalikuta birika la alumini la ghorofa mbili, mpini wake umeyeyuka upande mmoja. Maji hukaa chini, kahawa katikati kwenye kikombe chenye vitundu, na mvuke ukishapata nguvu huyapandisha maji kupitia kahawa hadi ghorofa ya juu. Muuzaji hakujua ni la nini. Alidhani ni la kufukizia mafua.

Mara ya kwanza nilishindilia, kwa mazoea ya mashine. Birika likakaa kimya, likavimba kwa hasira, kisha likatema ubavuni maji meusi yanayonuka kuungua. Nilikaa sakafuni nikalitazama mpaka nikalielewa. Mashine ina kifua. Unaiwekea ukuta mwembamba ili iupasue. Birika halina kifua, lina pumzi tu. Ukiliziba, linakufia mikononi, au linakurukia usoni.

Baada ya hapo tukapatana. Maji niliyatia yakiwa yameshachemka, yasifike kwenye kile kijitundu cha usalama ubavuni. Kahawa niliisaga ikwaruze kidogo kati ya vidole, nikaijaza mpaka juu, nikaisawazisha kwa kidole kimoja kama unavyomfuta mtoto machozi, nikaiacha. Moto mdogo. Kifuniko wazi, kwa sababu hapo ndipo macho yanapofanya kazi: matone ya kwanza hutoka mazito, yanajikokota, na hayo niliyakinga kwenye kikombe chenye sukari, nikayapiga kwa kijiko mpaka yakapauka na kuumuka. Birika likianza kukohoa, nililiondoa haraka na kulikalisha kwenye bakuli la maji baridi, uchungu usije ukafuata. Kisha kahawa juu ya lile povu, polepole. Povu likapanda lenyewe.

Fundi cherehani alikunywa amesimama. Akanyamaza. Kwa mtu yule, kunyamaza kulikuwa kama kupigiwa ngoma.

Wateja wakaanza kupanda ngazi. Kwanza mwenye duka la miwani, halafu walimu wa shule ya jirani, halafu watu nisiowajua, wanagonga mlango na kuuliza kwa aibu kama hapa ndipo. Nilimkaribisha kila mmoja kwa jina la mtoto wake, kama Mama. Sikumsema Dada vibaya hata siku moja. Nilimsubiri.

Hatimaye wakaja wote wawili. Mama mbele, anahema kwa ngazi. Dada nyuma, ameshika pochi ya Mama kama mtoto mwema.

"Kitinda, hujambo."

"Sijambo, Mama. Shikamoo. Shikamoo, Dada."

"Marahaba." Dada alikuwa anatazama vikombe vilivyopangwa dirishani, na ninaamini alikuwa anahesabu ni wateja gani wa mkahawa waliovinywea.

Mama hakuzunguka. "Spea haijafika. Mkahawa unakufa. Hiki unachokifanya hapa, mfundishe dada yako."

Sikulia, sikupandisha sauti. Walikuwa wamenivua aproni, na sasa walikuja kuchukua mikono. "Na mimi?" niliuliza.

"Na wewe tutaona. Aliyeua mashine haanzi kwa masharti."

"Sawa, Mama," nikasema. "Njooni kesho mchana. Nitamfundisha kila kitu."

Nikatimiza ahadi. Hapo ndipo penye utamu wake: sikumficha kitu. Nilimwonyesha maji, nikamwonyesha kijitundu, nikamwonyesha usagaji. Halafu, kahawa ilipojaa, nikasema kwa sauti ile ya mwalimu wa watoto wadogo, sauti ambayo tangu utotoni Dada hajawahi kuitii hata ilipotoka kwa mwalimu mwenyewe:

"Sasa hapa, Dada, usishindilie. Nasawazisha kwa kidole tu. Najua mkono wako ni mzito, lakini jitahidi."

"Mkono wangu nini?"

"Mzito. Si kosa lako."

"Wewe Kitinda! Mimi nimeshindilia kahawa wewe bado unafungwa kamba za viatu. Lete hapa!"

"Dada, nakusihi. Usishindilie."

"Lete!"

Akakiona kichupa. Nilikuwa nimekiacha palepale ambapo mkono wake ungefika.

Na kiganja kikainuka, kikashuka: pa!

Gazeti la Mama likasimama hewani.

Dada hakuona. Alikaza birika kwa nguvu zake zote, akalibandika jikoni. Nikawasha moto, nikarudi nyuma hatua chache, nikamshika mkono na yeye nikamsogeza. "Njoo huku, linahitaji nafasi." Likakaa kimya. Likakaa kimya mno. Kisha kijitundu kikapiga mluzi, mvuke ukachomoka ubavuni, na birika likaguna, likalia ile sauti nyembamba ya mbu sikioni. Nikanyoosha mkono nikazima gesi, ila lilikuwa limeshaamua. Kahawa ikapasua njia, ikaruka kutoka ghorofa ya juu, ikaipiga dari, ikaturudia matone matone.

Dada alikuwa wa kwanza kusema. "Birika bovu! Mama, umeona? Amenipa birika bovu makusudi!"

Mama hakulitazama birika, wala dari. Alikuwa anakitazama kiganja cha Dada.

"Hebu piga tena," alisema.

"Nini, Mama?"

"Hicho kichupa. Kipige tena, nisikie."

Dada akacheka kicheko kisichopata pa kukaa. "Mama naye! Mambo ya kichupa yanatoka wapi?"

"Piga."

Alikiinua kiganja. Nilikiona kimekwama juu, na ninakiri kwamba nimeonja vitu vingi tangu hapo, vya mashine na vya birika, hakuna kilichofikia ladha ya kiganja kile. Hakukishusha. Akakificha nyuma ya gauni lake, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Mama akalikunja gazeti lake. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo. Masikio yale aliyojisifia miaka yote yalikuwa yamemwaibisha mbele ya wanawe.

"Kitinda. Nitengenezee kahawa."

Nikaliosha birika, nikaanza upya, moto mdogo. Dada alipangusa jiko bila kuambiwa. Mama alikunywa mpaka chini, akakwangua povu kwa kijiko, kisha akafungua pochi na kuweka ufunguo wa mkahawa juu ya meza, kati ya matone.

"Kesho utafungua wewe."

"Nitafungua," nikasema. "Aproni yangu aniletee Dada. Iwe imefuliwa. Na anifunge yeye."

Mama aligeukia dirisha.

Kesho yake, mkahawani, Dada aliniletea, imepigwa pasi. Alinifunga kwa nyuma, mbele ya wateja, na safari hii vidole vyake ndivyo vilivyoshindwa na fundo. Nikamngoja. Alipomaliza nikageuka, nikampapasa bega.

Doa bado liko darini juu ya jiko langu, limekauka rangi ya kutu. Dada amejitolea kulipaka. Alinunua kopo la rangi mwenyewe, akalileta hadi mlangoni. Nimeliweka chini ya sinki. Kila akiuliza namwambia bado sijapata nafasi.

Bibi Harusi alipona. Tunamhudumia pamoja siku hizi, na wageni husema hawajaona ndugu wanaofanya kazi kwa utulivu namna ile. Dada hushindilia, huzungusha, kisha kiganja hupanda chenyewe kwa mazoea. Kikifika juu husimama. Hapo hugeuza shingo kidogo, kutazama kama nipo.

Huwa nipo.