Wimbo wa Bure wa Mwalimu Ambindwile

Ambindwile, mwalimu wa kwaya kule Masoko, aliipenda mno simu yake ya kwanza. Siku moja ujumbe uliingia: chagua wimbo, kila anayekupigia ausikie badala ya mlio, wiki nzima bure. Akachagua wimbo wa kwaya, akabonyeza kukubali. Maneno ya chini hakuyamaliza.

Watu wakamsifu. "Mwalimu, kukupigia wewe ni kama kuingia kanisani!" Akavimba kichwa. Wiki ilipokwisha, salio likaanza kupungua hata siku ambazo hajampigia mtu.

"Baba, si uende Tukuyu wakakutolee hicho kitu?" mkewe, Esnath, akamwambia.

"Nitakwenda."

Hakwenda. Sifa zilikuwa tamu, tena aliona haya kukiri kwamba hajui kuufuta. Akawa anaweka vocha, inaliwa, anaweka nyingine.

Jumapili moja alipotoka ibadani alikuta dada yake Tupokigwe, aliyeolewa Kiwira, amembipu. Walikuwa hawasemezani tangu wagombane kuhusu migomba aliyoiacha marehemu baba yao. Dada kamtafuta mwenyewe! Akapiga haraka. Sauti ikamjibu kwamba salio halitoshi. Vocha aliyoweka jana yake ilikuwa imekwenda na wimbo. Akakimbilia dukani, akakuta pamefungwa, mwenye duka kaenda msibani. Mvua ikaanza kumwagika. Angeweza kuazima simu kwa jirani, lakini akajiambia kesho si mbali.

Asubuhi alipopata vocha akapiga. Aliyepokea ni Lazaro, mume wa Tupokigwe.

"Shemeji, dada yako ametutoka usiku. Presha. Jana alikuwa anakusubiri umpigie. Alisema migomba uchukue yote, mradi msemezane."

Ambindwile akashika njia ya Kiwira.

Baada ya mazishi alikwenda Ibighi, kwa binti mmoja aitwaye Tulia, fundi wa simu. Tulia aliandika neno moja, akalituma, na ujumbe ukarudi papo hapo: huduma imeondolewa.

"Tayari, baba."

"Basi? Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Hata nyumbani ungeweza."

Ambindwile akaomba akae kidogo kwenye benchi. Tulia alidhani anaumwa, akamletea maji. Akaishika ile bilauri mikononi, hakunywa.