Barua ya Bwana Whitlock

Kila msimu wa maharage, majirani wa pale mlimani, Kentucky, walikusanyika barazani kwa Mahala Stidham, wakayatoa maharage mabichi nyuzi za maganda na kuyatunga kwenye uzi yakauke kwa ajili ya majira ya baridi. Mwaka huo wa 1891 alikuwapo na mgeni, Bwana Whitlock wa Boston, mtunzi wa hadithi za watu wa milimani. Mtu akifungua kinywa, yeye anafungua daftari.

"Mama, mbingu ikiwa nyekundu hivi, mnasemaje huku?"

Mahala hakupepesa jicho. "Twasema jogoo kamwaga mchuzi."

"Tangu enzi za mababu," akadakia jirani yake Enoch, uso mkavu kama gogo.

Orlena, mkaza mwana wa Mahala, akainamia mtoto aliyekuwa akinyonya, asionekane anacheka. Usemi huo ulikuwa na umri wa dakika moja! Lakini ndivyo walivyokuwa watu wale: mgeni mwenye maswali mengi hupewa anachokitaka, na anayecheka kwanza ndiye aliyeshindwa.

Tatizo ni kwamba Orlena alimhitaji mgeni huyo. Mtihani wa ualimu alikwisha kuufaulu. Ilibaki barua ya kumsifia kwa kamati ya shule, kutoka kwa mtu mwenye jina, na Whitlock alikuwa amemwahidi.

Siku ya kuondoka, Whitlock akamwita kando. "Wewe umesoma. Nithibitishie, haya maneno ni ya kale kweli?"

Angeitikia tu, barua ingekuwa asali. Lakini mwalimu gani anaianza kazi kwa uongo?

"Bwana, wamekutungia."

Whitlock akamtazama kwa huruma. "Maskini! Shule imekuharibu." Akaandika barua, akaifunga bahasha kwa lakiri, akamkabidhi.

"Mwanangu nawe!" Mahala, aliyewasikia kutoka mlangoni, akalalamika. "Huyo jogoo alikukosea nini?"

Jumatatu Orlena akasimama mbele ya kamati ya shule, mtoto begani. Mwenyekiti, mzee Combs, akaisoma barua kwa sauti: "Nasikitika kuwaarifu kwamba lugha ya kwao imemtoka yote mama huyu. Hana hata neno moja la milimani. Anazungumza kama kitabu cha shule."

Wajumbe wakatazamana. Orlena akaanza kumfunga mtoto shali, aende zake.

"Unakwenda wapi, mwalimu?" Combs akauliza. "Miaka ishirini niko kwenye kamati hii, sijasikia mtu akisifiwa hivi. Bwana huyu anakuthamini kweli!"

Orlena akafungua kinywa amweleze ukweli. Akamtazama mtoto, akakifunga.