Mama Aliyezuia Safari ya Dubu

Uvumi ulimfika Wahida jikoni kwa Ibtisam, jirani yake wa mtaa wa Ghulail, Jeddah, huku wakikanda maandazi. Ati vijana wanaopelekwa nchi za baridi na makafili wao, mabosi waliowadhamini, wakifika huko hujipoteza, na mama zao hawawaoni tena.

"Na wako si anakwenda kuwinda?" Ibtisam akauliza, macho kwenye unga. "Kuwinda nini huko, shoga? Labda mke!"

Wakacheka. Wahida naye alicheka, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akalala nalo, akaamka nalo.

Muhsin, mwanawe wa pekee, alikuwa Riyadh, mtaa wa Suwaidi, mpishi na mchinjaji wa kafili wake, Abu Nayef. Bosi huyo na rafiki zake walikuwa wakipanga safari ya mwituni, kaskazini ya Kanada. Muhsin alitakiwa kwa ajili ya nyama: mnyama akipigwa risasi akaanguka yu hai bado, amuwahi kwa kisu na bismillahi, amchune, apike. Na Abu Nayef alimuahidi jambo moja. Wakirudi salama, atamwachia ahamishe ikama, kibali chake cha ukaazi, akafanye kazi Jeddah, akae na mamaye. Ndilo Wahida aliloliomba kwenye kila sala.

Akapanda basi kwenda kumwona. Chumba cha Muhsin kilijaa viatu vya manyoya, makoti ya rangi ya chungwa na kopo la pilipili ya kupuliza.

"Hii ya mchuzi?"

"Ya dubu, mama. Akikujia, unampulizia machoni."

"Yarabi! Na dubu mtamla?"

"Dubu haliwi, wao wanataka ngozi tu. Sisi tutakula musi. Ni jamii ya paa, ila mrefu kama ngamia, na pembe zake kama masinia mawili ya biriani. Wewe niombee baridi isinigandishe masharubu."

"Masharubu yenyewe yako wapi?"

Wakacheka tena. Lakini Muhsin alipotoka, Wahida akapekua begi. Nguo zote hizi, za mtu anayerudi? Swali likamfika ulimini, akalimeza.

Kesho yake Umm Nayef, mke wa kafili, akamkaribisha kahawa upande wa wanawake. Wahida alishazoea Ghulail, ambako mama akimlilia mama mwenzake, siri hubaki kati yao. Akamshika mkono, machozi yakamtoka.

"Dada yangu, mwambie mumeo asimpe Muhsin ruhusa ya kutoka nchini. Akifika kule, harudi."

Kahawa haijapoa, Umm Nayef ameshayafikisha maneno kwa wanaume, kwenye majlisi walikotandaza ramani. Wahida akamsikia Abu Nayef nyuma ya mlango.

"Muhsin, mama yako anasema utanitoroka. Sema wewe."

Muhsin akatua birika. "Mama amesema?"

"Amesema."

Wahida alitaka kufungua mlango apige kelele kuwa si kweli, ni maneno ya Ibtisam tu. Hakuufungua.

"Basi, bosi, siwezi kumwita mama yangu mwongo mbele za watu."

"Halas, yamekwisha. Atakwenda mwenzako Amir. Na habari ya Jeddah tusiizungumze tena."

Muhsin mwenyewe ndiye aliyembebea mkoba hadi kituo cha basi. Hakugomba. Angegomba, ingekuwa nafuu.

"Ungeniuliza, mama."

"Ungeniambia kweli?"

"Ningekwambia. Mimi nilikuwa nataka kurudi kwako."

Wahida akavuta mtandio, akajifunika uso mpaka Jeddah. Ibtisam alipomwita dirishani, "Haya shoga, mwindaji kafika wapi?", alipita kama hakusikia. Siku hizi mkate hununua duka la mtaa wa pili, ili asiulizwe.

Mama mwenzangu unayesoma haya, jiepushe na:

Kuchukua soga za jikoni ukazifanya habari.

Kupekua begi la mwanao na ulimi wa kumuuliza unao.

Kumsema mwanao kwa kafili, au kwa mke wa kafili, maana ni mamoja.

Kulia mbele ya mtu aliyeshika ikama ya mwanao.

Kudhani kwamba akinyamaza amesamehe.

Kumpigia simu kila saa kumtaka radhi. Yuko kazini.