Sado na Jina Lake la Ofisini

Kwenye usaili Hulda alikuwa amejibu salamu zote vizuri, hata chai akainywa bila kuimwaga, mpaka Anderson, bosi wa kampuni ndogo ya programu pale Njombe, alipomuuliza swali alilodhani ni la kumpa moyo.

"Variable ni nini?"

Hulda hakuwahi kulisikia neno hilo. Kule Makambako mwalimu wake, Conjesta, alimfundisha kuandika programu kwa maneno ya sokoni. Mahali pa kuwekea namba aliita sado, ile ndoo ndogo ya kupimia viazi. Majina ya Kizungu aliyapiga marufuku, eti yanawakimbiza wanafunzi kabla hawajaonja utamu. Na neno hilo la Anderson, bahati mbaya, halichapwi popote ndani ya programu walizozoea kuandika. Kazi hii Hulda aliitaka kufa na kupona, na sasa aliiona inaondoka kwa ajili ya neno moja.

"Sijui," akasema. "Naombeni mnipe programu niisome."

Oktavia, msaidizi wa bosi, akamgeuzia kompyuta. Ilikuwa programu ya kujumlisha viazi vya wakulima, ila jumla ilitoka sawa na mzigo wa mkulima wa mwisho tu. "Tumeiharibu makusudi," akasema. "Itengeneze."

Hulda akasoma, na moyo ukaanza kutulia. "Hii sado inaitwa jumla. Mnaimwaga kila mnapofika kwa mkulima mwingine, ndiyo maana haijai. Imwagwe mara moja tu, kabla ya kuanza." Akahamisha mstari mmoja, hesabu ikakaa sawa.

Oktavia akacheka mpaka akashika mbavu. "Hiyo sado yako ndiyo variable, dada."

"Yaani ni sado tu?" Hulda aliona raha mpaka machozi yakamlenga.

"Ni sado," Anderson akasema. "Ila tunafanya kazi na watu wa mbali, hawatakuelewa. Anza Jumatatu, majina yao utajifunzia hapa."

Alipotoka nje akampigia Conjesta. "Shikamoo mwalimu. Wamenichukua."

Mwalimu akashusha pumzi ndefu. "Marahaba. Bwana asifiwe. Walikuuliza majina?"

"Waliniuliza. Nilikwama."

"Ndicho nilichokuwa naogopa tangu asubuhi. Nilijua nimekuponza."

"Hukuniponza, mwalimu. Kazi yenyewe niliijua. Ila wenzangu waliobaki darasani, wape na majina kabla hawajapanda gari kuja huku."

Conjesta alikuwa mbishi wa kuzaliwa, na Hulda akajiandaa kubishiwa.

"Nitaanza leo," mwalimu akasema.